Simbilisi si wa kutupiwa pumba

Mtu akiingia uani kwangu hapa Jinja na kuwaona simbilisi (guinea pig), huuliza watapikwa lini. Simshangai, maana ng'ambo huko Kivu hufugwa kwa nyama. Rehema na Tausi nawafuga kwa mapenzi tu. Ila majirani wamezoea kuniletea simbilisi wa kwao waliozubaa, na karibu kila mara chanzo ni chakula.

Mwili wa simbilisi hautengenezi vitamini C. Mbuzi anajitengenezea, sungura pia, lakini yeye, kama sisi binadamu, lazima aile kila siku. Akilishwa pumba za mahindi tupu hupata kiseyeye: manyoya yanakosa mng'ao, viungo vinavimba, anajikunyata pembeni, na mwenyewe anasema mnyama amezeeka. Hajazeeka, ana njaa ya mboga! Mimi hupita Soko Kuu jioni, akina mama wanapofunga meza, nikachukua sukuma wiki na pilipili hoho zilizoanza kunyauka kidogo. Hoho ndiyo naitegemea zaidi, kwani ina vitamini C nyingi kuliko hata chungwa. Msimu wa mapera wanapata kipande. Ovakado, vitunguu na majani ya viazi mviringo hawaonji kamwe.

Nyasi ziwepo mchana na usiku. Meno yao hayaachi kukua, na kutafuna nyasi ndiko kunakoyapunguza. Majani ya tembo yako tele, ila usikate kando ya barabara wala karibu na shamba lililopuliziwa dawa.

Kuhusu michezo, simbilisi ni mnyama wa chini, si komba. Gurudumu la kukimbilia humwumiza mgongo. Wangu wana maboksi ya karatasi ngumu, kila moja na milango miwili ili mmoja asimzibie mwenzake njia, na kikapu chakavu ninachokijaza nyasi na kuficha hoho katikati. Wanaweza kukichakura asubuhi nzima. Tausi akisikia kavera, yaani mfuko wa plastiki, linachakacha jikoni hupiga mluzi, na akifurahi sana huruka juu akijipinda hewani. Hata hivyo hakuna mchezo unaoshinda kuwa na mwenzake. Fuga majike wawili, au jike na dume aliyehasiwa. Bila hivyo, mimba ni kama miezi miwili, na jike anaweza kushika nyingine saa chache tu baada ya kuzaa.

Na hili nawasihi sana: mtu wa duka la dawa akikupa amoksilini au penisilini ya kumnywesha simbilisi, ikatae. Huua bakteria wanaomsaidia kusaga chakula, na mara nyingi mnyama mwenyewe hufuata. Asipogusa chakula tangu asubuhi, usingoje kesho. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, na umweleze kuhusu dawa hizo kabla hajajaza sindano.