Potwe wa Kilindoni

Tulipatana shilingi 70,000 za kwenda kumwona potwe, pale pale ufukweni Kilindoni, kisiwani Mafia. Boti ilipokwisha kung'oa nanga ndipo kijana aliyenipangia safari akasema miwani ya kuzamia ina malipo yake, elfu 15, na mapezi ya miguuni mbali. Nililipa kwa uchungu. Mtu umetoka Mbagala alfajiri, umevuka kutoka Nyamisati huku mawimbi yanakuvuruga tumbo, utarudi nchi kavu kwa ajili ya miwani? Wanajua hurudi. Mpaka leo jambo hili linaniudhi.

Ilikuwa Desemba. Papa potwe husogea upande huu wa kisiwa kuanzia Oktoba hadi Machi, na mimi nilikuwa nakodolea maji tangu tunaondoka. Nahodha yeye alitazama ndege.

"Wakishuka kwa wingi, uduvi upo. Na uduvi ukiwapo, naye yupo." Akazima mashine. "Shuka taratibu, mwanangu. Usimguse, wala usimkingame mbele."

Kwanza niliona vitone vyeupe tu, vinasogea. Kisha mgongo wa kijivu uliovibeba, mrefu kuliko Hiace, na chazo, wale samaki wa kujibandika, wameng'ang'ania tumboni. Kinywa kilikuwa wazi. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na alichokuwa anatafuta ni kumeza maji na kuchuja vidudu visivyofika ukucha wangu. Akanipita kwa chini, wala hakugeuka. Nililia ndani ya ile miwani ya elfu 15.

Uduvi, vile vikamba vidogo! Bibi yangu Pangani alikuwa akiuanika kwenye mkeka, kisha anauunga kwa nazi na ndimu. Nyumba nzima ilinuka, na mimi nilipofika sekondari bara niliona haya kusema kwetu tunakula nini. Wenzangu walikuwa wanataja nyama. Sasa naelea juu ya mnyama mkubwa namna ile, naye kaifuata bahari yote hii kwa ajili ya kitoweo cha bibi.

Visiwa vya jirani, Chole na Juani, nilikwenda, siku mbili, kuzuri. Lakini jioni ile ya potwe nilimpigia mama, nikamsimulia mpaka salio likakaribia kuisha. Alinisikiliza kimya, kisha akauliza, "Na huo uduvi wa huko, unauzwaje?"

Nikamwambia sijauliza.

"Kaulize basi, mwanangu. Uje nao."