Namba ya simu kwa hina: ninavyowapeleka watoto Sikukuu Mnazi Mmoja

Ramadhani ikiingia kumi la mwisho, ushauri wa kuwapeleka watoto Sikukuu, yaani kwenye viwanja vya michezo ya Idd, humiminika kama mvua ya masika, na mwingi unatoka kwa watu ambao wao hubaki nyumbani na biriani lao. Nendeni saa nane kabla hapajajaa. Mwachie mtoto pesa zake za mkono wa Idd ajinunulie mwenyewe. Mwandikie namba ya simu mkononi kwa kalamu. Yote matatu nayapinga, na sababu ninazo.

Saa nane kiwanja cha Mnazi Mmoja, hapa Unguja, ni jua tupu, katikati hakuna kivuli. Wenye pembea bado wanakaza nati, mafuta ya bajia hayajashika moto, na watoto wanamaliza maji yote kabla hata hawajapanda kitu. Sisi tunaswali Alasiri nyumbani na kufika kama saa kumi na nusu, jua limeshaanza kuelekea upande wa Mji Mkongwe. Kuondoka ni kabla ya Isha. Katikati hapo unapata saa mbili na ushei, zinamtosha mtoto yeyote wa chini ya miaka kumi, hata akilia kwamba hazijamtosha.

Kuhusu siku: Zanzibar Idd tunaila siku nne, na kila siku ina sura yake. Idd Mosi na Idd Pili watu ni bega kwa bega. Idd Nne wanayoisifia kwa bei kushuka, bei zinashuka kwa sababu vichezeo vilivyobaki ni vile vilivyokataliwa siku tatu. Mimi nachagua Idd Tatu. Idd Mosi tunazunguka kwa jamaa, watoto wanakusanya mkono wa Idd, na kiwanjani wanakwenda na mfuko uliojaa. Wakishindwa kabisa kusubiri, tunapita Maisara au kiwanja cha Kariakoo kwa muda mfupi, wapunguze kiu.

Sasa namba ya simu. Mawifi zangu wamenicheka sana kwa hili, na sasa wananiletea watoto wao niwaandike.

Wino wa kalamu haukai kwenye ngozi yenye jasho. Mtoto akishika malai inayoyeyuka, akajifuta kwenye gauni, basi ile 7 imekuwa 1 na sita imekuwa doa. Karatasi mfukoni hutoka pamoja na sarafu ya kwanza. Bangili ya uzi yenye namba huvuliwa kwa sababu inawasha. Lakini Sikukuu tayari ina rangi yake isiyotoka kwa maji, na watoto wa kike wanaililia wenyewe: hina. Basi namba ya simu inaingia ndani ya ua la hina.

Hina nanunua ya unga, ya kijani, yenye harufu ya majani, naichekecha kwa kitambaa chepesi ili koni isizibe. Vijiko vinne vikubwa vya unga vinatosha watoto watatu na shangazi mmoja asiyekaribishwa. Naikanda kwa maji ya vuguvugu na ndimu hadi iwe nzito kama mtindi, naifunika, naiacha kuanzia Adhuhuri mpaka baada ya futari. Ikianza kutoa rangi ya chungwa juu, iko tayari. Anayekuambia uipake papo hapo hajui kwamba rangi huchukua saa kadhaa kutoka kwenye jani.

Mahali pa kuandika ni upande wa ndani wa mkono, kati ya kifundo na kiwiko. Kiganja hushika rangi kali zaidi, ni kweli, lakini mtoto aliyeogopa hukunja ngumi, na hakuna mtu mzima atakayeanza kushindana naye kuifungua. Namba iandikwe nzima, tarakimu kumi kuanzia na sifuri, kwa mafungu: nne, tatu, tatu. Hina hutanuka kidogo kabla haijakauka, kwa hiyo matundu ya 0, 6, 8 na 9 lazima yawe makubwa. Sifuri ndogo kuliko punje ya mahindi itaziba na kuwa nukta. Saba ipigiwe kistari katikati isichanganywe na moja. Kuzunguka namba unatia maua na majani upendavyo, ila usiyaguse yale mafungu, maana ukipitisha kikonyo cha ua kando ya 1 umeshaandika 4.

Iache ikauke saa nne hadi sita, au alale nayo ukiwa umemfunga kitambaa laini. Asubuhi ikwangue kwa kisu butu, usiioshe kwa sabuni siku hiyo. Itatoka rangi ya chungwa na utadhani umepoteza usiku wako. Ndani ya siku mbili inakolea kuwa kahawia. Kwa sababu hiyo napaka usiku wa kuamkia ishirini na nane. Mwezi ukiandama jioni ya ishirini na tisa au tukitimiza thelathini, namba imeshakolea, na inabaki kusomeka wiki hivi, siku zote nne zimo.

Piko hapana. Najua ni nyeusi, inakauka haraka, na inasomeka kutoka mbali. Piko nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, na kwenye ngozi ya mtoto inaweza kuleta malengelenge, kuunguza, na kumwachia mzio wa maisha. Hata hina halisi usimpake mtoto mchanga: mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao pwani yetu si kitu cha nadra, chembe za damu zake zinaweza kuvunjika. Kwa mtoto wa mgongoni namba ya nini hata hivyo?

Wavulana hina ya mkono hawaitaki, na baba zao wanawaunga mkono. Kwao nafuma namba kwa uzi upande wa ndani wa pindo la kanzu, mbele. Mtoto anafundishwa jambo moja tu: ukipotea simama hapo hapo, tafuta askari au mama mwenye watoto, mfunulie pindo. Huyo akishapiga simu, sote, wakubwa kwa wadogo, tunajua pa kukutania: mlango wa jumba la makumbusho la Beit el Amani, lile lenye kuba. Pembea na meza za biashara hubadilika mahali kila mwaka. Lile jumba lipo pale tangu 1925.

Kwenye pesa, tatizo kubwa ni chenji. Ukitoa noti ya elfu kumi kwenye pembea, utaambiwa subiri, na huku mtoto keshazungushwa mara mbili na unadaiwa. Noti ya mia tano haipo tena, iliondolewa kwenye mzunguko na muda wa kuibadilisha ukaisha Aprili 2025, kwa hiyo mtaji wa kiwanjani ni sarafu za mia mbili na mia tano pamoja na noti za elfu moja. Zikusanye tangu katikati ya Ramadhani kwa muuza duka wako. Siku ya ishirini na tisa naye anazitafuta.

Kila mtoto ana kifuko cha kitambaa chenye kamba ya shingoni, kinaingia ndani ya nguo. Humo naweka sarafu za kupandia tu. Pembea, magari ya kuzunguka, nyumba za upepo za kurukia, kila kimoja ni mia kadhaa hadi elfu moja na kitu, kutegemea mwenye chombo ameamkaje. Pesa za chakula nashika mimi. Za kichezeo anashika baba, na hazitoki mpaka tunaelekea nyumbani. Ukinunua bunduki ya plastiki mwanzo, utaibeba wewe, itavunjika kwenye nyumba ya upepo, na utanunua ya pili. Kabla ya kumpandisha mtoto chochote kinachozunguka, angalia mzunguko mmoja mzima ukiwa chini: pini za viti zimefungwa? Anayeendesha anasimamisha chombo kabisa kabla ya kushusha? Kama watoto wanaruka kikiwa bado kinatembea, twende kwa mwingine, hata foleni iwe ndefu.

Chakula baada ya mchezo au saa nzima kabla yake. Urojo na kiti cha kuzunguka havipatani, na gauni jipya ndilo linalolipa. Urojo wenyewe chagua sufuria inayotoa mvuke na bajia zinazotoka mafutani mbele yako. Kwa wadogo nawaondolea chatne na kachumbari, hasa mvua zikiwa zimeanza. Mishkaki namwomba arudishe juu ya makaa, hakuna muuzaji anayechukia. Juisi ya miwa ikamuliwe mbele yako, tangawizi na ndimu sawa, barafu hapana, kwa sababu hujui maji yake yametoka wapi. Mimi nagandisha chupa mbili za maji usiku, jioni zinakuwa za baridi safi. Ubuyu mwekundu unanunuliwa, unafungwa, unaliwa nyumbani. Ukimwagikia kanzu nyeupe, suuza kwa maji baridi mara moja; maji ya moto yanaikaza ile rangi.

Viatu vipya vivaliwe ndani ya nyumba siku tatu kabla, la sivyo utambeba mwenye malengelenge kutoka kiwanjani. Kandambili za akiba zikae kwenye mkoba. Mkoba wenyewe uwe mbele, kifuani. Ukienda na bibi, mpe kigoda cha kukunja na umkalishe pale pale mlango wa Beit el Amani, awe ndiye kituo cha kurudia.

Na matope. Mnazi Mmoja zamani palikuwa mkono wa bahari uliofukiwa, ardhi iko chini, mvua ya saa moja inaacha madimbwi mpaka kesho yake. Miaka ya karibuni Idd el Fitri imeangukia mwishoni mwa Machi na Aprili, masika yenyewe. Kwa vile inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, 2027 inatarajiwa karibu na tarehe 10 Machi na 2028 mwishoni mwa Februari: matope yatapungua, joto la kaskazi litazidi. Maji ongeza, mwavuli beba vilevile, utakuwa kivuli.

Kurudi, usisimame pembezoni mwa kiwanja kusubiri daladala pamoja na mji mzima, maana zinazopita zimeshajaa. Tembeeni taratibu hadi Michenzani huku watoto wakichezea vichezeo vyao vipya, mpande mbele ya msongamano. Ukiwa na mdogo aliyeshalala, abebwe na baba. Wewe una chupa, kandambili, kigoda cha bibi na ubuyu.