Kanga huanzia kwenye jina

Sichori hata ua moja kabla ya kupata jina, yaani msemo unaoandikwa kwenye kanga. Maneno ndiyo yanayouza kanga. Mji, yaani mchoro wa katikati, na pindo, yaani mapambo ya ukingoni, hufuata. Nikishalipata jina, nachora kwa penseli mstatili wa sentimita 15 kwa 11, yaani kila upande ni sehemu ya kumi ya ule wa kanga yenyewe, na kujaribu miji mitano sita harakaharaka. Rangi hazizidi tatu, kwa kuwa kila rangi inadai skrini yake, yaani fremu ya wavu ya kuchapia, na skrini ikihama milimita 2 tu, ua linatoka na ufa mweupe ukingoni. Dawa ni kuiacha rangi iliyokoza ipande kidogo juu ya ile nyepesi. Pindo za upande unaokatwa nazipa sentimita ya ziada, maana zitaliwa na mkunjo wa cherehani. Na herufi ziwe nene, lakini si za kubanana: wino huziba matumbo ya A na B.