Sabasaba ya Lumumba

Saa moja na nusu asubuhi, tarehe 7 Julai, nilikuwa Pugu Kajiungeni nasubiri daladala la mjini. Naishi Tabata, kwa hiyo kuja kuanzia safari huku ilikuwa kujizungusha, lakini nilikusudia. Mwaka 1954 mwalimu wa sekondari ya Pugu, Julius Nyerere, alikuwa akitoka huku kwenda kwenye mikutano ya siasa mjini, na wazee husimulia kwamba alikwenda kwa miguu. Ni zaidi ya kilomita 20. Machi 1955 alitakiwa achague, ualimu au siasa. Akaacha kazi.

Gari lilijaa Gongo la Mboto. Watoto walivaa nguo za sikukuu, na akina mama waliulizana banda lipi lina vyombo vya bei nafuu. Sina ugomvi na maonyesho ya biashara ya Sabasaba. Baba alinipeleka nikiwa darasa la pili, na hadi leo nikinusa mahindi ya kuchoma nakumbuka mkono wake. Kinachoniuma ni kwamba tarehe imegeuka kuwa kiwanja. Ukimwambia mtu "Sabasaba", anafikiria Barabara ya Kilwa.

Tulipita Ukonga, tukapita uwanja wa ndege. Barabara hii sasa inaitwa Nyerere. Zamani ilikuwa Barabara ya Pugu.

"Tazara! Wa Sabasaba shukeni hapa!" Nusu ya gari ikateremka ili kubadilisha usafiri. Konda akanigeukia. "Dada, wewe si ulisema Sabasaba?"

"Naenda Sabasaba ya Lumumba."

"Lumumba hakuna maonyesho, dada yangu."

Nilishuka Mnazi Mmoja, nikavuka. Mtaa wa Lumumba wakati ule uliitwa New Street, na hapa ilipo ofisi ndogo ya CCM ndipo ilipokuwa ofisi ya TAA (Tanganyika African Association), chama kilichoanza mwaka 1929. Humo waliingia wajumbe 17 tarehe 7 Julai 1954, wakatoka na chama kipya cha siasa, TANU. Watu 17, pungufu ya abiria wa daladala nililopanda! Germano Pacha alitoka Jimbo la Magharibi. Kirilo Japhet alitoka Meru, naye alikuwa ameshafika Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kudai ardhi ya watu wake. Saadani Kandoro alikuwa malenga. Miaka saba na miezi mitano baadaye, Tanganyika ikawa huru.

Mtaa ulikuwa kimya. Mzee mmoja muuza kahawa alikuwa ameketi kivulini na birika lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta nani? Leo ofisi zimefungwa."

"Nimekuja Sabasaba."

Akanitazama, kisha akasogea kwenye ubao ili nipate nafasi. Akanimiminia kahawa, akanipa na kashata. Nikafungua daftari nililoandika majina yote 17, akaniomba nimsomee, taratibu. Ally Sykes, Abdulwahid Sykes, John Rupia, Tewa Said Tewa, Patrick Kunambi. Kila jina alitikisa kichwa. Nilipofika kwa Dossa Aziz akaninyooshea kidole nisimame.

"Huyo ndiye aliyetoa Land Rover yake, chama kikapata gari," akasema. "Mwalimu akapumzika kukanyaga mchanga wa Pugu. Haya, endelea."