Mbegu ambazo huwezi kuziweka

Nikisema niliwahi kufanya kazi kwenye kitalu cha miche kule Danum Valley, Sabah, upande wa Malaysia wa kisiwa cha Borneo, swali la kwanza huwa lile lile: mti wa mita mia uliuona? Unaitwa Menara, ni meranti ya njano, na mwaka 2019 mpandaji alifika kileleni akashusha utepe, ukapatikana una mita 100.8. Sawa, ni mrefu. Ila ukiwa chini ya msitu ule, urefu huuoni. Unaona vigogo vilivyonyooka bila tawi, majani yamefunga juu, na shingo inaanza kuuma. Tena mti mweupe unaong'aa ambao wageni wengi huupiga picha wala si dipterokapi, yaani jamii ya miti ambayo Menara ni mmoja wao. Ni mengaris, ukoo mmoja na mikunde.

Mimi kilichonikamata ni kalenda ya hizo dipterokapi.

Dipterokapi ni jamii yenye spishi zinazokaribia 700, na Borneo peke yake ina zaidi ya 250. Wenyeji na wafanyabiashara wa mbao wanazijua kwa majina ya meranti, keruing, kapur, selangan batu. Hizi ndizo zinazotawala tabaka la juu la msitu, na bado zinaweza kupitisha miaka kadhaa bila hata ua moja. Halafu kunakuja ukame, mara nyingi wa El Niño (kule huleta ukame, si mvua), au usiku kadhaa wenye ubaridi kuliko kawaida, na msitu mzima unachanua. Spishi moja inaanza, ya pili inafuata baada ya majuma machache, ya tatu nyuma yake. Lakini matunda yao yanakomaa karibu wakati mmoja.

Nani anachavusha maua yote hayo? Kwa baadhi ya meranti za Malaysia Bara, watafiti waliwakuta thripsi, wadudu wadogo kuliko chembe ya mchele. Kizazi chao kinamalizika kwa siku chache, kwa hiyo maua yakiongezeka nao wanafurika. Nyuki wakubwa wa porini nao huhamia msituni kufuata maua.

Kisha mbegu zinadondoka. Hapo ndipo unapojifunza kuzitambua bila kuinua kichwa: keruing ina mbawa mbili ndefu, meranti nyingi zina tatu ndefu na mbili fupi, kapur ina tano zilizolingana. Mbawa hizo ni sepali za ua, vile vijani vinavyolifunika likiwa bado tumba, zilizorefuka. Mbegu inashuka ikizunguka kama pia, inapendeza kuitazama, ila haisafiri sana. Nyingi huishia mita chache tu kutoka kwa mama yao.

Kwa nini miti yote izae kwa pamoja? Maelezo ninayoyakubali mimi ni yale aliyoyaeleza Daniel Janzen mwaka 1974: ni hesabu dhidi ya walaji. Nguruwe mwenye ndevu, panya, kasuku, fukusi, wote wanazipenda mbegu hizi, maana zimejaa mafuta. (Tengkawang, mbegu za meranti fulani, hukamuliwa mafuta yanayokaribiana sana na siagi ya kakao.) Miaka isiyo na mbegu walaji wanakaa na njaa na idadi yao haipandi. Mwaka wa mbegu ukifika, chakula kinawazidi nguvu, na kinachobaki kinaota. Mti mmoja ukiamua kuzaa peke yake, mbegu zake zinaliwa zote.

Sasa tatizo. Mbegu ya dipterokapi haisubiri. Inaanza kuota ndani ya siku chache baada ya kugusa ardhi. Ukiikausha inakufa, ukiitia kwenye jokofu inakufa. Udongo wa msitu ule hauna hata mbegu moja ya meranti inayongojea miaka mizuri. Akiba pekee ni vile viche, yaani miche michanga, vilivyotapakaa kivulini, vinakaa na majani mawili matatu hadi mti mkubwa uanguke na mwanga uingie.

Kwa hiyo ukikata miti mama mikubwa kabla ya mwaka wa mbegu, umekata na mavuno yenyewe. Hili lilionekana waziwazi Gunung Palung, hifadhi iliyoko Kalimantan, upande wa Borneo ulio wa Indonesia. Ndani ya hifadhi miti ilikuwapo, lakini msitu wa kuizunguka ulikuwa umevunwa sana. Mwaka 1991 mbegu zilikuwa tele. Mwaka 1998, pamoja na El Niño kali, mbegu zilipungua mno na walaji waliojazana hifadhini wakazimaliza karibu zote. Binafsi sielewi mtu anayesema "tutapanda baadaye" bila kuuliza mbegu zitatoka wapi.

Kitaluni tulikuwa na kazi mbili. Mwaka wa mbegu ulipofika, tulikimbia: kuokota asubuhi, kutupa zenye matundu ya fukusi, kupanda siku hiyo hiyo. Pakcik (ndivyo Wamalay wanavyomwita mzee kwa heshima) aliyetusimamia hakukubali gunia lilale. Miaka mingine tulichimbua viche vya porini na kuvilea chini ya neti ya kivuli, tukichanganya udongo wa msituni kwa makusudi, kwa sababu mizizi ya miti hii huishi na kuvu, na kiche bila kuvu wake hudumaa.

Nikiulizwa tupande nini, jibu langu ni: aina nyingi. Kule Malua, Sabah, kuna jaribio lililoanza mwaka 2002 kwenye hekta 500 za msitu uliokatwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2023 yanaonyesha vipande vilivyopandwa spishi 16 vilirudisha uoto haraka kuliko vilivyopandwa spishi moja. Shida ni kwamba spishi 16 zinahitaji kitalu chenye spishi 16, na mwaka wa mbegu haupangwi na bajeti ya mtu.