Hiti sifuri, na bado unafungwa

Mtu akisikia mrushaji wa besiboli hajapigwa hiti hata moja, anadhani timu yake imeshinda. Mara nyingi ni kweli, lakini si lazima. Hiti ni mpigaji kuupiga mpira na kufika besi kwa pigo lake, bila mlinzi kuboronga. Akipewa besi ya bure kwa mipira minne mibovu, akigongwa na mpira au mlinzi akikosea, hiyo si hiti. Na watu waliofika besi kwa njia hizo wanaweza kuzunguka besi zote na kufunga kama wengine.

Ken Johnson wa Houston yalimkuta 23 Aprili 1964, uwanja wa nyumbani, dhidi ya Cincinnati. Kipindi cha tisa, kwa kawaida cha mwisho, 0-0, mpigaji mmoja ameshatolewa (watatu wakitolewa, zamu ya timu inaisha). Pete Rose akaugusa tu mpira kwa gongo, ukabingirika taratibu. Johnson akauwahi, lakini akaurusha ovyo kuelekea besi ya kwanza, na Rose akafika ya pili. Mpigaji aliyefuata akatolewa huku Rose akisogea ya tatu. Kisha Vada Pinson akapiga mpira wa chini kwa Nellie Fox, mlinzi hodari wa miaka mingi, ukamponyoka. Ikawa 1-0, na ndivyo mechi ilivyokwisha.

Andy Hawkins wa Yankees aliumia zaidi. Ilikuwa Chicago, 1 Julai 1990, kipindi cha nane, 0-0, wawili wameshatolewa. Sammy Sosa akafika besi ya kwanza kwa mpira uliomshinda mlinzi wa besi ya tatu. Uwanjani kwanza iliandikwa hiti, kisha ikabadilishwa kuwa kosa. Hawkins akatoa besi mbili za bure mfululizo, besi zikajaa. Mpira wa juu kushoto ukadondoshwa, watatu wakafunga; mwingine wa juu kulia nao ukadondoshwa, 4-0. Kwa kuwa Chicago walikuwa wenyeji na walishaongoza, hawakuhitaji kupiga kipindi cha tisa. Hawkins akawa amerusha vipindi vinane tu.

Hilo likamgharimu. Mwaka 1991 kamati ya takwimu ya ligi kuu ya Marekani iliamua kwamba mechi ihesabiwe kuwa ya bila hiti pale tu ikifika vipindi tisa au zaidi na ikiisha bila hiti. Mechi kama 50 zikafutwa kwenye orodha, zikiwemo zilizokatizwa na mvua.

Iliyofutwa na kuuma kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ya Harvey Haddix wa Pittsburgh. Tarehe 26 Mei 1959, Milwaukee, aliwatoa wapigaji 36 mfululizo, vipindi 12 bila mtu kugusa besi ya kwanza. Wenzake walikuwa wakimpiga Lew Burdette, mrushaji wa Milwaukee, hiti baada ya hiti, 12 jumla, bila kufunga. Kipindi cha 13 mwenzake Don Hoak alirusha vibaya kutoka besi ya tatu, mpigaji akafika ya kwanza kisha akasogezwa ya pili, Hank Aaron akapewa besi ya kwanza kwa makusudi, na Joe Adcock akaupiga mpira ukavuka uzio. Adcock akampita Aaron njiani, hivyo pigo likahesabiwa la besi mbili tu, si la kuzunguka besi zote, na matokeo yakawa 1-0.

Siku hizi kikwazo kikubwa kwa mrushaji anayetaka kumaliza mechi bila hiti ni idadi ya mirusho. Edwin Jackson alihitaji 149 mwaka 2010, na besi nane za bure, kuwamaliza Tampa Bay bila hiti. Leo meneja angemtoa mapema. Clayton Kershaw alitolewa 13 Aprili 2022 kule Minneapolis akiwa na vipindi saba kamili bila mtu kufika besi, kwa mirusho 80 tu. Sababu ilieleweka: maandalizi ya msimu yalikuwa mafupi, baridi kali, na mkono wake ulikuwa na historia ya majeraha. Kipindi cha nane, Gary Sánchez akapata hiti kwa mrushaji aliyempokea.