Daftari la Dakika

Jana usiku mdogo wangu alianguka tena, na safari hii nilitazama saa ya ukutani kabla ya kumtazama usoni. Nilimgeuza ubavu, nikamlegeza kola, nikasubiri, kwa kuwa tuliambiwa kwamba kifafa kisipokoma ndani ya dakika tano ni lazima mtu akimbizwe hospitali. Kilikoma. Katika daftari la kliniki nimeandika pia kwamba mkono wa kushoto ndio uliotangulia kutetemeka, jambo linalolingana na jeraha lake, lililo upande wa kulia wa kichwa.

Ajali ya bodaboda ilitokea miaka mitatu iliyopita. Fuvu lilibonyea, damu ikavia ndani, akapasuliwa. Siku ya tatu wodini alitukutika mara moja, akapewa fenitoini, dawa ya kuzuia mtukutiko, kwa siku chache, kisha ikasimamishwa. Na mtukutiko uliporudi miezi kumi baadaye, tukiwa nyumbani, nilikuja kuwalaumu kimoyomoyo walioisimamisha. Nililaumu hadi daktari wa kliniki aliponieleza kwamba mtukutiko wa juma la kwanza hutokana na ubongo ulioumia na kuvimba, ilhali ule unaojirudia baadaye hutokana na kovu linalobaki ndani, na kwamba dawa ile huzuia ule wa mwanzo lakini haijaonekana kuukinga huu wa pili, hata ikiendelezwa. Lawama yangu ikakosa pa kukaa.

Ninaikumbuka mno siku ile ya nyumbani. Jirani alipiga kelele tusiguse povu, shangazi akataja pepo, nami, mwenye kujiona msomi, nikamtia kijiko kati ya meno ili asimeze ulimi, nikamvunja jino la mbele. Ulimi haumezwi, sikulijua hilo. Hakuna hata mmoja wetu aliyeikumbuka ajali, mpaka tulipoulizwa kliniki iwapo amewahi kuumia kichwa, tukabaki kutazamana.

Yeye ni fundi rangi. Tangu hapo hapandi ngazi, hupaka anapofikia akiwa amesimama chini, na malipo yamepungua. Vidonge vya kabamazepini, dawa yake ya kifafa, humfanya asinzie. Juzi, kwa ajili ya kazi ya siku mbili, aliviacha bila kuniambia. Sikumgombeza.

Asubuhi aliniuliza, "Dada, ngapi?"

"Mbili na nusu."

"Afadhali ya ile ya Ramadhani," akasema, akacheka huku akilifunika pengo kwa kiganja.